Usukani Si Jina la Kila Kibao

Mfasiri wa maelekezo ya kuunda ndege kubwa ya mfano, iendeshwayo kwa redio, hukutana na vibao vya aina tatu vyenye bawaba. Akiviita vyote usukani, muundaji aweza kuunganisha waya pasipo pake, na kazi ya miezi ikaangamia ndege irukapo mara ya kwanza.

Usukani na ubaki jina la kibao cha wima mkiani, kigeuzacho pua kushoto au kulia, kama ule wa jahazi. Kibao cha mlalo mkiani tunapendekeza kiitwe kiinua pua, kwa mfano wa kiinua mgongo: ukingo wake wa nyuma ukipanda, pua huinuka. Kile cha bawani kiwe kiinamishi: cha kulia kikipanda, cha kushoto hushuka, nayo ndege huinamia kulia.

Mwenye istilahi bora na atuandikie.