ADX: Kipimo cha Nguvu ya Bei, na Hatari Yake kwa Hisa Zisizouzwa

Mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola, au mwongoza watalii wa Ngorongoro, aliyeweka akiba yake katika hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), hujiuliza swali moja kila wiki: bei hii inayopanda ina nguvu ya kuendelea, au itaishia njiani? Wiki hii tunaeleza kipimo kilichobuniwa kujibu swali hilo, na mahali kinapoweza kumpotosha mwekezaji mdogo.

Kipimo hicho hujulikana kwa herufi ADX. Kilitangazwa mwaka 1978 na Mmarekani J. Welles Wilder. Hesabu yake hutumia bei tatu za kila siku: ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia. Kila siku hulinganishwa na siku iliyotangulia, ili kuona kama bei imesogea zaidi juu au zaidi chini. Matokeo hayo hufanyiwa wastani wa siku 14, kisha hugawanywa kwa wastani wa upana wa mabadiliko ya bei. Hupatikana namba mbili: moja ya kupanda, nyingine ya kushuka.

Tuseme namba ya kupanda ni 30 na ya kushuka ni 10. Tofauti yake ni 20, jumla yake ni 40. Kwa hiyo uwiano ni asilimia 50. Wastani wa uwiano huo kwa siku 14 ndio ADX. Kwa desturi, ADX iliyo chini ya 20 huonyesha bei isiyo na mwelekeo, na iliyo juu ya 25 huonyesha mwelekeo wenye nguvu.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, ADX hupima nguvu tu, haisemi bei inakwenda upande gani. Wakulima wa mbaazi wa Karatu wanakumbuka Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo. Bei ikaporomoka. Huo nao ulikuwa mwelekeo wenye nguvu, lakini wa hasara. Ndiyo maana ni lazima kutazama kwanza ni namba ipi iliyo juu, ya kupanda au ya kushuka.

Jambo la pili ndilo zito zaidi kwetu. Katika DSE zipo hisa zinazopita siku kadhaa bila kuuzwa. Programu ya kuchora chati ikibeba bei ya mwisho na kuiweka kama bei ya leo, namba ya kupanda na ya kushuka hazibadiliki, kwa sababu kinachogawanywa na kinachogawanya hupungua kwa kiwango kilekile. Uwiano hubaki asilimia 50 kama ulivyokuwa, na ADX huendelea kuufuata.

Chukua hisa ambayo ADX yake ni 18 na uwiano ni 50, kisha mauzo yakasimama. Siku ya kwanza ADX inakuwa 20.3. Siku ya nne inafika 26.2. Kipimo sasa kinasema mwelekeo una nguvu, ilhali kwa siku zote nne hakuna hisa hata moja iliyobadilisha mikono. Debe tupu haliachi kutika.

Muuza vitunguu wa Mang'ola analielewa hili bila chati. Bei iliyotajwa Jumatatu, na hadi Ijumaa hakuna lori lililokuja kupakia, si bei ya kupangia matumizi. Mwenye hisa naye akinunua kwa kuamini ADX ya namna hiyo, anaweza kukuta Januari, ada za shule zinapodaiwa, faida yake ipo kwenye karatasi tu na mnunuzi hayupo.

Kabla ya kutuma agizo kwa dalali wako, fanya yafuatayo. Angalia idadi ya hisa zilizouzwa kila siku katika siku 14 zilizopita; kama siku nyingi ni sifuri, iache ADX hiyo. Kwa hisa zinazouzwa mara chache, piga hesabu kwa bei za wiki badala ya za siku. Muulize dalali kuna maagizo kiasi gani ya kununua yanayosubiri, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayokupokea siku ukitaka kuuza. Agiza kwa bei uliyojiwekea kikomo. Na fedha ya ada, ya mbegu au ya kukodi lori msimu ujao isiingie katika hisa ambayo huna hakika utaiuza lini.