Bata Mzinga Wakati wa Kupandana: Tazama Dume Kwanza



Twajua sote kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huinama, na mwaka wa pili watu hushuka mtini na pakacha nusu tupu. Kwa hiyo wengi wetu hufuga ndege, ili ada za watoto zisingoje karafuu peke yake.

Mimi nilianza na bata mzinga watano: madume wawili na majike watatu. Haukupita mwezi, jike mmoja akafa kwa jeraha la mgongoni, na mayai kumi na mawili niliyoyaatamisha yakatoka viza yote. Nikadhani ni ugonjwa, au ni hasidi.

Baadaye nilivuka bahari, nikapanda treni ya TAZARA hadi bonde la Kilombero, kumzuru shemeji yangu huko Mchombe. Yeye ni mkulima wa mpunga, na bata mzinga wake hulala kwenye kichuguu kilichoinuka, maana Masika maji hutanda bondeni. Nilipomweleza msiba wangu akacheka. “Shemeji, usimsingizie mtu. Madume wako ndio waliokula fedha yako.”

Akanionyesha dume wake. Msimu ukifika, hufungua mkia kama pepeo, huburura mbawa chini, na kichwa hugeuka rangi, mara chekundu, mara buluu. Wakiwa wawili na majike ni wachache, hushinda wakipigana. Kila mmoja humsukuma mwenziwe asipande, na mayai hukosa mbegu. Dume mmoja mwenye afya hutosha majike wanane hata kumi. Tena jike akishapandwa, mayai yake huweza kuwa na mbegu kwa majuma kadhaa. Basi hapana haja dume kukaa na majike mchana kutwa. Mtie bandani kwa muda, kisha mtoe.

Dume mzito huchana mgongo wa jike kwa kucha. Kabla ya msimu, mpunguze ncha za kucha na za kipi cha mguuni, bila ya kufika penye damu. Jike aliyejeruhiwa mtenge upesi, kwani wenzake hudonoa kidonda mpaka afe. Shemeji huwavisha wake kipande cha turubai mgongoni, kilichofungwa chini ya mbawa.

Ama jike, tabia yake ni kujificha. Usipomtengenezea kiota, atataga kichakani, na kenge ndiye atakayeyala. Mwekee sanduku la sentimita 60 kila upande, penye giza kidogo, lenye nyasi kavu, kabla hajaanza kutaga. Okota mayai kila siku, uyaweke mahali pa baridi, wala yasipite juma moja kabla ya kuatamiwa. Huanguliwa kwa siku 28. Jike akitaka kuatamia nawe wataka aendelee kutaga, mweke siku mbili tatu katika tundu lenye sakafu ya fito, lililoinuliwa, penye mwanga, chakula na maji.

Jambo la mwisho ni la watoto. Msimu huu dume huweza kumrukia mtu, na anayekimbia ndiye anayefukuzwa zaidi. Asimpige, maana kumpiga humzidishia hasira. Asimame imara, amsukume pole pole kwa fagio refu. Mtoto mdogo asitumwe kuokota mayai.

Niliporudi kisiwani nilibakiza dume mmoja. Mayai kumi na moja yaliyofuata yalitoa vifaranga tisa, na hao ndio waliolipa ada mwaka ule karafuu zilipokuwa chache.

Basi mwenzangu uliye na madume wawili na majike watatu, usingoje hasara kama yangu. Idd ikifika, mmoja na aingie chunguni.