Chumvi, Chupa na Akili: Kirutubisho Kipi Huulinda Ubongo?

Ipo misimu miwili ambayo wazazi wetu huwa wepesi wa kufungua pochi: msimu wa mitihani ya shule, na msimu ambapo watoto wa madrasa hutakiwa kusikizisha juzuu walizohifadhi. Hapo ndipo tembe za kuongeza kumbukumbu hutangazwa kwa kishindo, kila chupa ikiahidi mtoto mwepesi wa kushika na mzito wa kusahau. Kwa upande wa wazee, matangazo hayana msimu. Aghalabu kila ukoo una bibi au babu anayeuliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, na wanawe wako tayari kununua chochote kitakachomrejeshea kumbukumbu.

Je, kipo kirutubisho kinachoulinda ubongo kwa kweli? Naam, kipo, na ushahidi wake unaishinda kwa mbali chupa yoyote iliyopangwa kwenye rafu za duka. Lakini ili tukifahamu, hatuna budi kuondoka pwani kidogo na kupanda bara mpaka Mikinduri.

Kijani kilichopungukiwa

Mikinduri ni mji mdogo wa soko katika Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Ardhi yake ni ya rutuba. Ndizi, mahindi, maharagwe, viazi vikuu na miraa hustawi huko, na mgeni kutoka kwetu akiiona kijani ile angedhani kwamba watu wa huko hawawezi kupungukiwa na kitu katika maakuli yao.

Hata hivyo, kipo kitu ambacho udongo wa milimani aghalabu hukikosa, nacho hakionekani kwa macho. Ni iodini, ambayo wengine huiita madini joto. Mvua iliyonyesha kwa maelfu ya miaka huiosha kutoka kwenye miinuko na kuipeleka baharini. Chakula kilichooteshwa kwenye udongo uliopungukiwa na iodini nacho hupungukiwa, hata kikiwa kibichi na kitamu kiasi gani. Ndiyo sababu nyanda za juu za Afrika Mashariki, sawa na milima ya Alps na Himalaya, zilijulikana tangu zamani kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo.

Rovu huonekana, na kwa hiyo watu huliogopa. Madhara makubwa zaidi ni yale yasiyoonekana. Tezi ya shingo hutumia iodini kutengeneza homoni ambazo bila ya hizo ubongo wa mtoto haukui inavyopasa. Katika miezi ya mwanzo ya uja uzito, mtoto hutegemea homoni za mamake peke yake. Mama akipungukiwa sana, mtoto huweza kuzaliwa akiwa na udhaifu wa akili, uziwi au kudumaa, na hakuna tembe itakayorudisha kile kilichokosekana tumboni. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba vipimo vya akili katika jamii zenye upungufu wa iodini vilikuwa chini kwa wastani wa pointi 13.5 kuliko katika jamii zinazoipata ya kutosha. Shirika la Afya Duniani limeutaja upungufu huu kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya madhara ya ubongo vinavyoweza kuzuiwa duniani.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mja mzito 250. Nayo mikrogramu moja ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Kijiko kimoja cha chai cha iodini chaweza kumtosha mtu umri wake wote. Lakini mwili haujui kuiweka akiba ya muda mrefu, hivyo hupasa kupatikana kidogo kidogo, siku baada ya siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Chumvi ipandayo milimani

Dawa ilipatikana katika kitu ambacho tajiri na maskini hukila kila siku. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan nchini Marekani likafuata mwaka 1924. Kenya iliingia katika njia hiyo miaka ya 1970, na leo sheria inataka chumvi ya mezani na ya kupikia iwe na iodini.

Na chumvi hiyo hutoka wapi? Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya huvunwa kwetu, katika Kaunti ya Kilifi, eneo la Magarini: Gongoni, Marereni na Kurawa. Maji ya Bahari ya Hindi huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayakausha, chumvi ikakusanywa, ikasafishwa na kutiwa iodini, kisha ikapakiwa kwenye malori. Baadhi yake hufika katika maduka ya Nyambene. Kwa hivyo kile ambacho mvua ilikiondoa milimani, mkono wa mwanadamu hukirudisha kwa pakiti ya bei nafuu. Mama wa Mikinduri aitiaye chumvi hiyo katika githeri yake anampa mwanawe kirutubisho cha ubongo pasi na kujua.

Sisi wa pwani tusidhani kwamba tumesalimika kwa sababu tumezungukwa na bahari. Samaki wa baharini wana iodini, lakini si kila nyumba hula samaki kila siku. Nayo chumvi ghafi ya bahari, ile ya mawe inayouzwa kwa kupimwa na kusifiwa kuwa ya asili, huwa na iodini kidogo mno ikiwa haikutiwa kiwandani. Mama wa nyumba na anunue chumvi iliyofungwa, iliyoandikwa kwamba ina iodini na yenye alama ya ubora. Aihifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mvuke na jua, na aitie chakulani mwishoni mwa mapishi, kwani joto na unyevu huipunguza nguvu.

Wala hilo lisieleweke kuwa idhini ya kuzidisha chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, viazi vya karai na vyakula vya pakiti. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, nalo shinikizo huiharibu mishipa ya ubongo. Chumvi inayomjenga mtoto tumboni yaweza, ikizidi, kumbomoa babu yake.

Kabla ya mimba kujulikana

Kirutubisho cha pili kilichothibitika ni asidi ya foliki. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni waja wazito. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio kubwa: miongoni mwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro ya mfereji huo, asidi ya foliki ilizuia asilimia 72 ya kasoro hizo kujirudia. Tangu hapo ushauri kwa wanawake wengine ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba hadi wiki 12. Bibi harusi na kila binti anayetarajia kuzaa ajue habari hii mapema, maana kusubiri siku ya kwanza ya kliniki aghalabu ni kuchelewa.

Cha tatu ni madini ya chuma. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka, hasikilizi vyema, na mwalimu humwita mvivu ilhali ni mgonjwa. Kliniki za serikali huwapa waja wazito tembe zenye madini ya chuma na foliki kwa pamoja, nazo si za kuachwa kabatini kwa sababu ya kichefuchefu. Mweleze muuguzi, naye atakushauri namna ya kuzimeza. Chai nayo, tunayoipenda pwani na wanayoilima Meru, huzuia chuma cha chakula kisifyonzwe. Inywewe saa moja au mbili baada ya mlo, wala isinywewe pamoja nao.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti urutubishwe kwa chuma, foliki na vitamini nyingine. Lakini unga unaosagwa katika kinu cha mtaani, uwe wa Mikinduri au wa Kisauni, kwa kawaida hautiwi kitu. Nyumba inayotegemea unga huo izidishe mboga za majani, maharagwe, kunde, mayai na samaki.

Habari za chupa za ghali

Hebu sasa tutazame chupa za dukani. Jani la mti wa ginkgo ndilo maarufu kupita yote. Nchini Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walifuatiliwa kwa takriban miaka 6. Wengine walipewa ginkgo mara mbili kwa siku, wengine tembe tupu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba ginkgo haikuzuia dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na ufahamu. Juu ya hayo, huweza kumzidishia hatari ya kutokwa na damu mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamini B, vitamini E, mafuta yenye omega-3 na mchanganyiko wa virutubisho visipendekezwe kwa lengo la kuzuia dimenshia. Insafu yatutaka tuseme pia kwamba majaribio ya Marekani yaliyotolewa mwaka 2022 na 2023 yaliona nafuu ndogo ya kumbukumbu kwa wazee waliomeza vitamini mchanganyiko kila siku. Nafuu hiyo haifanani kabisa na ahadi za matangazo. Kampuni inayouza tembe za Prevagen ilishtakiwa mwaka 2017 na serikali ya Marekani pamoja na jimbo la New York kwa kudai bila ushahidi kwamba tembe hizo huongeza kumbukumbu, na mwaka 2024 mahakama iliizuia kuyatangaza madai hayo. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Siri ya tofauti hii ni nyepesi. Kirutubisho huziba pengo. Pasipokuwa na pengo hakina cha kuziba. Iodini ilimfaa mtoto wa milimani kwa kuwa aliikosa. Mtoto anayekula vizuri na kulala vizuri haongezewi akili kwa tembe.

Na tukitaja kulala, lori la chumvi lipandapo Nyambene, gari la miraa huteremka kuja kwetu. Wako vijana wanaoitafuna usiku wa kuamkia mtihani wakidhani inawasaidia kusoma. Humwondolea mtu usingizi kweli, lakini ni usingizini ndipo ubongo hupanga na kuyahifadhi yaliyosomwa. Aliyekesha akitafuna ameuza kumbukumbu yake ya asubuhi.

Mzee anayesahau

Usahaulifu wa mzee usifungiwe katika neno "uzee" wala usitibiwe kwa chupa iliyonunuliwa kwa kubahatisha. Apelekwe kwa daktari, kwani baadhi ya sababu hutibika: tezi iliyolegea, huzuni ya muda mrefu, dawa zinazogongana, na upungufu wa vitamini B12. Upungufu huu wa mwisho huwapata wazee ambao tumbo lao halifyonzi vizuri, na pia wagonjwa wa kisukari waliotumia metformin kwa miaka mingi. Kipimo cha damu huutambua, na tiba yake ni sindano au tembe. Hapa kirutubisho ni dawa ya haki, kwa sababu pengo lipo.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, sigara, kutosikia vizuri, upweke na kukaa bila mazoezi. Mjukuu anayemtembeza bibi yake kila jioni na kumsikiliza hadithi zake anamfaa kuliko anayemletea chupa na kuondoka.

Maswali ya kuuliza dukani

Ikiwa baada ya haya bado wataka kununua, jiulize: ni pengo gani ninaloziba, na nani amelipima? Je, tembe hii itagongana na dawa za presha, kisukari au za damu? Mwonyeshe daktari au mfamasia chupa yenyewe. Kisha soma lebo. Kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini, ambayo yaweza kutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe, na dawa nyingine za maji huwa na alkoholi. Tafuta alama ya halali, na lebo ikinyamaza, muulize muuzaji. Habasoda na asali zina heshima yake katika nyumba zetu, lakini zisimfanye mgonjwa aache dawa alizoandikiwa.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Juma hili, kabla ya kununua chupa, nenda jikoni ukaishike pakiti ya chumvi. Soma kama ina iodini, itie katika chombo chenye kifuniko, na umwulize binti yako aliyeolewa karibuni kama ameanza kumeza foliki.