SOKO LA WIKI: Konokono wa bure ni ghali kwa mwenye tangi la samaki

Tangi la kioo lenye samaki na majani mabichi huvutia wateja katika mgahawa au nyumba ya wageni. Lakini baada ya wiki chache kioo huota utando wa kijani, majani hushika mwani na mabaki ya chakula hurundikana mchangani. Hapo mwenye tangi hulazimika kuamua: anunue kiumbe gani wa kumfanyia usafi?

Kwa mkazi wa Busawe, wilayani Serengeti, ambako hakuna duka la samaki wa mapambo mtaani, jibu la haraka ni kuchukua ndoo na kwenda kuokota konokono lamboni au mtoni. Bei yake ni sifuri. Hata hivyo, hesabu ikipigwa hadi mwisho, huyo ndiye msafishaji ghali kuliko wote.

KICHOCHO NDANI YA NYUMBA

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyoathirika sana na kichocho. Minyoo ya ugonjwa huo haiwezi kukamilisha maisha yake bila konokono wa maji baridi. Kichocho cha tumbo hupitia konokono wa jamii ya Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojiviringisha kama kamba iliyokunjwa. Kichocho cha mkojo hupitia jamii ya Bulinus, mwenye gamba fupi ambalo mdomo wake uko upande wa kushoto.

Konokono mmoja aliyeambukizwa anaweza kutoa mamia hadi maelfu ya vijidudu kwa siku. Vijidudu hivyo huogelea na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Anayezamisha mkono kupanga majani au kubadilisha maji anajiweka katika hatari ileile ya anayeoga ziwani. Dawa ya praziquantel ipo na inatibu, lakini hakuna mfanyabiashara anayepaswa kuingiza gharama hiyo katika bajeti ya mapambo.

Konokono hazaliwi na minyoo hiyo. Huipata katika maji yaliyoingiwa na kinyesi au mkojo wa mtu mwenye ugonjwa. Kwa sababu hiyo, konokono aliyeanguliwa na kukulia katika tangi safi hana tatizo. La msingi kwa mnunuzi ni kujua konokono alikotoka. Tahadhari hiyo ihusu pia majani yanayong'olewa ziwani, kwa kuwa konokono wadogo na mayai yao hushikilia chini ya majani.

NANI ANAFANYA KAZI GANI

Wasafishaji hawafanani. Kila mmoja ana kazi yake, na kosa kubwa la wanunuzi ni kumwajiri mmoja kwa kazi zote.

Konokono mrefu mwenye ncha kama skrubu, Melanoides tuberculata, ni mwenyeji wa Afrika. Hujifukia mchangani mchana, hula mabaki na hagusi jani zima. Anafaa, ilimradi atoke kwa mtu anayemfuga tayari. Huzaa bila kuhitaji dume, hivyo chakula kikizidi naye huzidi.

Konokono wa jamii ya nerite husifika kwa kusafisha kioo na mawe. Hajai tangini, kwa sababu watoto wake huhitaji maji yenye chumvi ili wakue. Ubaya wake ni mayai meupe anayoyabandika kila mahali.

Kamba wadogo ndio wanaopendwa zaidi katika matangi yenye majani. Kamba wa Kijapani, Caridina multidentata, alipata umaarufu kupitia Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyeeneza bustani za majini kuanzia miaka ya 1980. Hula mwani wa nyuzinyuzi bila kuharibu majani. Ziwa Victoria lina ndugu yake, Caridina nilotica, ambaye ni chakula kikubwa cha sangara. Wote huliwa wakichanganywa na samaki wenye mdomo mpana.

Samaki mdogo Otocinclus wa Amerika Kusini, mwenye urefu wa sentimita 4 hivi, hufuta utando laini juu ya majani. Hufa upesi akiwekwa katika tangi jipya lisilo na mwani wa kutosha.

WA KUEPUKA

Sato hula mwani kweli, lakini hula na majani, hufukua mchanga na kulizidi tangi kwa ukubwa. Mbipi, wale furu wa kwenye miamba ya ziwa, baadhi yao ni mabingwa wa kukwangua mwani, ila ni wagomvi. Kambale mkwanguaji wa Amerika Kusini, pleko, huuzwa akiwa kama kidole na kufikia zaidi ya sentimita 30. Kinyesi chake peke yake ni kazi ya msafishaji mwingine.

HESABU YA MNUNUZI

Bei ya kichwa kimoja haitoshi kufanyia uamuzi. Tuseme samaki 10 wanunuliwe kwa sh. 5,000 kila mmoja, kisha 6 wafe kutokana na safari na maji mabaya. Waliobaki 4 wamegharimu sh. 12,500 kila mmoja, kabla ya nauli. Tangi likikaa wiki kadhaa likikomaa kwanza, hasara hiyo hupungua.

Aidha, msafishaji hatoi uchafu nje ya tangi. Anaula na kuugeuza kinyesi. Bakteria hugeuza kinyesi hicho kuwa naitreti, majani hunyonya sehemu yake, na inayobaki hutoka kwa kubadilisha maji. Hivyo, kabla ya kununua, mwenye tangi apunguze chakula, aliondoe tangi kwenye jua la dirishani na apande majani ya kutosha. Dawa za samaki zenye shaba zisitumike, kwani huua konokono na kamba.

MAJI YA BUSAWE HUENDA ZIWANI

Hasara nyingine humwangukia jirani. Mwaka 1970 kamba wa Marekani mwenye magando, Procambarus clarkii, aliingizwa Ziwa Naivasha, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea mingi ya ndani ya ziwa hilo ilikuwa imetoweka, na wataalamu wanamtaja kuwa sababu kubwa. Mwaka 2020 konokono wa Amerika Kusini, Pomacea canaliculata, anayeuzwa pia duniani kama pambo la matangi, alithibitishwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya. Huyo hula miche ya mpunga.

Maji ya wilaya ya Serengeti huishia Ziwa Victoria. Ndoo moja ya wasafishaji waliochokwa, ikimwagwa mtaroni, inaweza kuwa mtaji wa balaa kama hilo. Anayetaka kuagiza viumbe hai kutoka nje aanzie kwa ofisa uvuvi wa wilaya kuulizia kibali.

Ushauri wa wiki hii kwa anayeanza: majani kwanza, subira ya wiki kadhaa, kisha konokono wachache waliozaliwa tangini, na kamba baadaye. Ndoo ya lamboni ibaki kuchotea maji ya bustani.