Mtihani wa Maarifa na Milima Yetu ya Upare



Jioni moja ya mwaka 2023, baada ya sala ya Alasiri, alinijia hapa Same binti niliyemsomesha chuoni tangu juzuu ya Amma. Shule aliiacha kidato cha kwanza. Sasa ni mama wa mtoto mmoja. Alikuwa amejiandikisha kwa mara ya pili kufanya Mtihani wa Maarifa, ule uitwao QT, ambao ndio mlango wa asiyepitia shule kuufikia mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mara ya kwanza alianguka katika Historia na Jiografia.

"Maalim, daftari lote nililihifadhi," akasema, machozi yakimlenga.

Nilinyamaza, kwa kuwa kuhifadhi ni mimi niliyemfundisha. Katika Kurani hiyo ni sharti, herufi isipotee. Lakini mtahini wa Historia auliza kwa nini jambo lilitokea na lilizaa nini. Mimi nimeishia darasa la saba, na masomo yale hutahiniwa kwa Kiingereza nisichokijua. Basi nikamwambia tuyafahamu kwanza kwa lugha yetu, kisha maneno ya Kiingereza akayatafute kwa mwalimu wa masomo ya jioni.

Tukatoka uani. Nikamwuliza, mbona hapa Same ni vumbi na miiba, na kule Mamba watu walima tangawizi? Tukalifuata jambo hatua kwa hatua. Pepo zenye unyevu zatoka Bahari ya Hindi, zaupanda mlima upande wa mashariki, hewa yapoa na mvua yanyesha huko. Zikishavuka kilele cha Shengena, chenye kimo cha mita 2,464, na kutelemka kwetu, zimekwisha kauka.

Kisha Historia. Nikamtajia mbiru, kodi iliyowekwa juu ya kodi ya kichwa na kukadiriwa kwa mali ya mtu. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same na kukaa hapa kuipinga. Mwaka 1946 wanawake nao wakaandamana. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyeiandika habari hiyo, aeleza kwamba watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ile ya kukadiriwa. Hapo binti akashtuka. Habari za mbiru alizisikia kwa bibi yake, wala hakujua kwamba ile nayo ni Historia!

Nyumbani palikuwa na maneno. Mama mkwe aliuliza mke wa mtu ataka cheti cha nini. Mumewe, Mungu amjazi, alijibu kwa kumbeba mtoto saa moja kila usiku ili mkewe ayafanyie mazoezi maswali ya miaka iliyopita.

Novemba akaufanya. Historia alifaulu vizuri, Jiografia kwa shida. Sasa ajitayarisha kwa kidato cha nne, na kila Jumamosi huniletea maswali ya Uraia ambayo majawabu yake mimi mwenyewe siyajui. Twakaa uani tukiyatafuta pamoja.