Kengele Inayomwamsha Mama Kwanza

Godoro likianikwa juani asubuhi tatu mfululizo, mtaa mzima umeshapata habari. Watoto wana wimbo wao wa kuzomea. Wakubwa nao wana maelezo yao: alicheza na moto jioni, ni mvivu wa kuamka, amedekezwa na bibi yake. Mwenye godoro ana miaka saba. Anakwenda shule kimya, na usiku ukiingia anaogopa kulala, kwa sababu hawezi kumwahidi mtu yeyote jambo litakalotokea akiwa usingizini.

Tuanze na hesabu, maana huwa inatuliza. Watoto wa miaka mitano wanaokojoa kitandani ni takribani 15 katika kila 100. Wakifika miaka saba hubaki kama 10, na wakifika miaka kumi ni kama watano. Yaani darasa la pili lenye wanafunzi 60 huenda lina watoto sita wenye siri hiyohiyo, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Wavulana ni wengi kuliko wasichana. Tena jambo hili hutembea katika ukoo. Kama mzazi mmoja alikuwa hivyo utotoni, uwezekano wa mtoto wake naye kuwa hivyo hufika kama 44 katika 100; kama ni wazazi wote wawili, hupanda hadi 77. Akina baba wanaofoka asubuhi wangepiga simu kwanza kwa mama zao wakaulize.

Ukiuliza chanzo, jibu haliko kwenye tabia. Kwa kawaida usiku ubongo huongeza homoni iitwayo vasopresini, nayo huzifanya figo zitoe mkojo kidogo. Wapo watoto ambao homoni hiyo bado haijapanda inavyotakiwa, hivyo figo zao hazipumziki usiku. Wapo ambao kibofu hubana kabla hakijajaa. Na karibu wote wana shida moja zaidi: kibofu kinapiga hodi lakini ubongo hausikii, kama mlinzi aliyelala fofofo getini huku mgeni akigonga. Hapo fimbo haina kazi. Utamwadhibuje mtu kwa jambo lililofanyika yeye hayupo? Hofu tu ndiyo inayoongezeka, na mtoto anajifunza kuficha shuka chini ya uvungu.

Kabla ya kufikiria kifaa chochote, yapo mambo yanayopaswa kupitia kwa daktari. Mtoto aliyekwisha kukaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, huyo apimwe. Huenda ni kisukari, hasa kama ana kiu isiyokatika na anakonda. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda pia kuna jambo nyumbani au shuleni ambalo hajapata wa kumwambia. Anayejikojolea hata mchana, au anayelia akienda haja ndogo, naye asisubiri. Kwetu Tanzania kuna la ziada. Hii ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na sikoseli, na figo za mtoto mwenye ugonjwa huo hushindwa kuukoleza mkojo, kwa hiyo hutoa mwingi usiku kucha. Wapo watoto wa namna hiyo waliocharazwa miaka mingi kwa kosa la figo zao. Jingine ambalo wazazi hawalitarajii ni choo kigumu. Utumbo ukijaa hukikandamiza kibofu, na mara nyingine kulitibu tumbo kunapunguza tatizo lote.

Mtoto akishapimwa na kuonekana mzima, na akiwa amefika miaka sita au saba, ndipo kengele inapoingia.

Historia yake ni ya bahati. Mwaka 1904 daktari wa watoto kutoka Austria, Meinhard von Pfaundler, alieleza kifaa cha umeme kilicholia kitanda kilipolowa. Hakuwa akitafuta tiba. Alitaka wauguzi wajue mtoto gani abadilishwe nguo, basi. Baada ya muda ikaonekana kwamba baadhi ya watoto waliolalia kifaa hicho waliacha kukojoa kitandani. Wazo hilo lilikaa miaka mingi bila kushughulikiwa sana, hadi mwaka 1938 wanasaikolojia wawili wa Marekani, mume na mke, O. Hobart Mowrer na Willie Mae Mowrer, walipochapisha matokeo yao kutoka New Haven. Walitandika vipande viwili vya wavu wa metali vilivyotenganishwa na kitambaa; mkojo ulipopenya kitambaa, umeme uliungana na kengele ikalia. Watoto waliowatibu walikuwa 30, na wote walikauka. Akina Mowrer walikuwa wamemsoma mwanasayansi Pavlov, aliyewazoeza mbwa kudondokwa mate kwa mlio, na maelezo yao yalitoka huko: kibofu kilichojaa kikiandamana na mlio mara nyingi, mwisho wake kibofu chenyewe hutosha kuushtua mwili.

Kifaa cha leo ni kidogo. Kuna kibanio kinachohisi unyevu, hubanwa kwenye chupi, na waya mfupi unaokwenda kwenye kengele iliyobandikwa begani. Vingine havina waya, na vingine hutetemeka pamoja na kulia. Vinauzwa kama dawa ya ajabu, na picha kwenye boksi huonyesha mtoto akitabasamu asubuhi. Pale boksini wangemchora mama aliyesimama saa nane ya usiku macho mekundu, ingekuwa kweli zaidi.

Maana hivi ndivyo inavyokwenda. Usiku wa kwanza kengele inalia, nyumba nzima inaamka isipokuwa mwenye kengele. Dada yake amekaa kitako, jirani anagonga ukuta, yeye anakoroma. Wazazi wengi hukata tamaa hapo na kukirudisha kifaa kabatini, wakidai hakifanyi kazi. Ukweli ni kwamba wiki za mwanzo kengele ni ya mzazi. Wewe ndiye unayetakiwa kufika haraka, umwamshe kabisa kwa jina lake, asimame kwa miguu yake, aizime kengele kwa mkono wake mwenyewe, aende chooni amalizie hata kama yamebaki matone. Kisha mnabadilisha chupi na shuka pamoja, mnafunga kifaa upya, mnalala. Kumbeba akiwa amelala hakusaidii, na kumzimia kengele ni kumnyima somo lenyewe. Ndiyo maana pia ule utaratibu wetu wa kumwamsha mtoto saa nne usiku, ukamkokota chooni akiwa hajui yuko wapi, huokoa shuka la siku ile tu. Amekojoa kwa saa yako wewe, kibofu chake hakijauliza lolote.

Dalili za kupona huanza kidogokidogo, na asiyezijua hatoziona. Doa la mkojo linapungua ukubwa. Kengele iliyokuwa ikilia saa sita inalia saa tisa. Mtoto anaanza kuusikia mlio mwenyewe. Kisha unakuja usiku mmoja mkavu, halafu mibaya miwili, halafu mikavu mitatu. Andikeni kwenye kalenda. Zawadi kama zipo, mpeni kwa kuamka na kusaidia kutandika, ambayo ni mambo anayoyaweza. Zawadi ya kulala mkavu ni kumlipa kwa jambo asilolitawala, na siku akilowa anajiona ameshindwa. Wiki nne zikipita bila dalili yoyote, rudini kwa daktari. Dalili zikionekana, endeleeni hadi usiku 14 mfululizo wa ukavu. Wengi huchukua miezi miwili hadi mitatu. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wanaopona hawawi watu wa kuamka chooni usiku. Hulala moja kwa moja hadi asubuhi.

Maelekezo ya kwenye boksi yanamdhania mtoto mwenye chumba chake na choo mlango wa pili. Nyumba nyingi haziko hivyo. Watoto wakilala watatu kitanda kimoja, anayetumia kengele apate godoro lake, hata likiwa la chini, karibu na mtu mzima, na chandarua chake. Tandika nailoni chini ya shuka. Choo kikiwa nje, usimtarajie mtoto wa miaka saba atoke gizani apite mbwa na matope. Weka ndoo yenye mfuniko pale chumbani na taa ndogo au tochi. Pampasi iondolewe wiki hizo, kwa sababu inameza kile ambacho kengele inakitafuta. Ndugu waelezwe mapema kitakachotokea, na yeyote atakayeleta wimbo wa kuzomea ndani ya nyumba apewe yeye kazi ya kufua.

Vinywaji navyo. Msimnyime maji mchana. Anywe ya kutosha shuleni, kisha apunguze baada ya chakula cha jioni. Chai ya rangi na soda ya kola za usiku ziachwe, kwani kafeini huongeza mkojo. Kwa sababu hiyohiyo nisingemshauri mtu aanze kengele mwezi wa Ramadhani. Uji, juisi na chai vyote vinahamia usiku, na mama anayeamka kupika daku hana usingizi wa kutoa sadaka mara ya pili.

Asiyekipata kifaa au asiyemudu bei yake asijione amefungiwa mlango. Madaktari wa Misri walichapisha mwaka 1999 utafiti uliotumia saa ya kawaida ya mezani, iliyotegwa imwamshe mtoto kabla ya muda ambao kwa kawaida hukojoa, na watoto wengi walifaidika. Simu yoyote ina kengele ya namna hiyo. Hapo napo mtoto aamke kweli, si nusu.

Dawa ipo, inaitwa desmopresini, na hufanya kazi ya ile homoni. Huleta nafuu haraka, lakini wengi wakiiacha hali hurudi. Inataka nidhamu ya maji: mtoto anywe kidogo sana kuanzia saa moja kabla ya kuimeza hadi zipite saa nane baada ya kuimeza, la sivyo chumvi mwilini hushuka kwa hatari. Inafaa zaidi kwa safari, harusi ya kijijini, au bweni. Na bweni ndilo linalowatesa watoto hawa kuliko mahali pengine popote. Mapema mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne bila kibali maalumu; hoja zilikuwa za malezi kwa jumla, lakini naamini wapo waliolala kwa amani zaidi tangu hapo kwa sababu isiyoandikwa kwenye waraka.

Kengele haifaulu kwa wote. Tafiti zikijumlishwa, takribani theluthi mbili ya watoto hukauka wakiwa bado wanaitumia, na karibu nusu ya wote hubaki wakavu baada ya kuiacha. Kwa hiyo kurudi nyuma kupo, na dawa yake ni kuanza tena, wala si kulaumiana. Njia mojawapo ya kupunguza marejeo ni hii: usiku 14 ukitimia, kengele ikiwa bado imefungwa, mpe mtoto maji kidogo kabla ya kulala, uongeze taratibu siku zinavyokwenda. Mwelezeni kwanza ni ya nini. Mtoto aliyekatazwa maji jioni tangu akumbuke hawezi kuamini macho yake anapoletewa bilauri na mama yuleyule aliyekuwa akimnyang'anya, na atalowa siku moja mbili. Msishtuke. Mkifululiza tena usiku 14 mikavu, fungueni kifaa, toeni betri, mkiweke mahali mtakapokiona mdogo wake atakapokihitaji.