LAPTOPU NA MTANDAO USIO NA WAYA: NAMNA YA KUUNGANISHA NA KUTAFUTA HITILAFU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Laptopu si kitu cha ofisini tu tena. Imeingia majumbani kwetu hapa Fumba kama ilivyoingia mjini. Kijana akimaliza Kidato cha Sita, maombi ya chuo na maombi ya mkopo hufanywa kwa njia ya mtandao, na maombi hayo yana siku yake ya mwisho. Laptopu ikigoma kuunganika usiku wa siku hiyo, na mwenye nayo hajui aanzie wapi, anaweza kupoteza mwaka mzima kwa jambo ambalo pengine lingetengenezwa kwa dakika tano. Na wapo wanaobeba laptopu hadi mjini, wakatoa nauli na fedha za fundi, kumbe ilikuwa imebonyezwa kitufe kimoja tu.

Kwa sababu hiyo, katika makala haya tutaeleza mambo manne: mtandao huu ni kitu gani, unaunganishwa vipi, hitilafu zake hutafutwa vipi, na adabu ya kuutumia.

MTANDAO USIO NA WAYA NI NINI?

Watu wengi tunauita waifai. Ni mawimbi ya redio, jamii moja na yale yanayoleta sauti katika redio zetu, isipokuwa haya huenda masafa mafupi. Hutoka katika kifaa kiitwacho ruta, na laptopu nayo ina antena ndogo ndani yake ya kuyapokea na kuyarudisha.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya. Waifai na intaneti ni vitu viwili mbali mbali. Waifai ni njia fupi ya kutoka laptopu yako mpaka kwenye ruta. Intaneti ni ile inayotoka kwenye ruta kwenda kwa kampuni ya simu, kisha ulimwenguni. Kwa hivyo unaweza kuwa na waifai nzuri kabisa na usiwe na intaneti hata chembe, kwa mfano bando la ruta likiwa limekwisha. Ukilishika hili, nusu ya somo umeshalipata.

JINSI YA KUUNGANISHA

Kwa laptopu inayotumia Windows 10 au Windows 11, fuata hatua hizi:

1. Tazama pembe ya chini kulia ya kioo, karibu na saa. Utaona alama ya mtandao. Ikiwa ni alama ya dunia, bado hujaunganika.

2. Bonyeza alama hiyo. Hakikisha waifai imewashwa na kwamba hali ya ndegeni, ile yenye picha ya ndege, imezimwa.

3. Itatokea orodha ya majina ya mitandao iliyo karibu. Chagua wa kwenu, au ule uliopewa ruhusa ya kuutumia, kisha bonyeza "Connect".

4. Andika neno la siri. Herufi kubwa na ndogo hazihesabiki kuwa sawa. Aghlabu neno la siri la mwanzo huwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini au nyuma ya ruta.

5. Ukiulizwa kama mtandao ni wa faragha au wa hadhara, chagua wa hadhara uwapo hotelini, bandarini au mahali popote penye watu wengi, ili laptopu yako isionekane na kompyuta nyengine.

Baadhi ya mitandao ya mahotelini na viwanja vya ndege haiombi neno la siri mwanzoni. Unaunganika, lakini hakuna kinachofunguka. Hapo fungua programu ya kusomea kurasa za mtandao, na mara nyingi utaletewa ukurasa wa kujaza jina au namba uliyopewa. Ukimaliza kujaza ndipo njia hufunguliwa.

KANUNI YA KUTAFUTA HITILAFU

Bomba la nyumbani likikauka, mtu mwenye akili hakimbilii kuchimba barabara. Kwanza hutazama kama koki imefunguliwa. Kisha hutazama tangi. Kisha huuliza jirani kama kwake maji yanatoka. Mwisho ndipo hupiga simu Mamlaka ya Maji. Huenda kutoka karibu kwenda mbali.

Mtandao ni vivyo hivyo. Vituo vyake ni vinne: laptopu, ruta, kampuni ya simu, na njia kuu za mbali. Suali la kwanza liwe hili: je, simu au laptopu nyengine inapata intaneti kwa ruta hiyo hiyo? Ikiwa inapata, tatizo liko kwenye laptopu yako. Ikiwa hakuna hata kimoja kinachopata, iache laptopu, hitilafu iko kwenye ruta au mbele yake.

Sisi watu wa Fumba tusione ajabu kwamba kitu cha mbali huweza kutuzimia kitu cha ndani. Umeme wa Unguja hutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, ukapita chini ya bahari na kutokea hapa hapa Ras Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Njia hiyo ya umeme ilipoharibika mwaka 2008, Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na ilipoharibika tena Disemba 2009, ikakaa takriban miezi 3 mpaka Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikuja kuzinduliwa mwaka 2013. Siku zile hakuna aliyetengeneza umeme kwa kubadilisha balbu ya chumbani kwake.

Intaneti nayo hufika Afrika Mashariki kwa waya za baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, waya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Aliyekaa siku ile akifuta na kupanga upya laptopu yake alijichosha bure. Kwa hivyo uliza jirani kwanza.

HITILAFU ZINAZOTOKEA SANA

Kwanza: Alama ya waifai haionekani kabisa. Baadhi ya laptopu zina swichi ndogo ubavuni, au kitufe chenye picha ya mnara au ndege katika safu ya juu ya vitufe, ambacho hubonyezwa pamoja na kile cha Fn. Mtoto akichezea, waifai huzimika. Ikiwa swichi ni nzima na laptopu imetoka kuwekwa Windows upya, basi huenda imekosa draiva, yaani programu ndogo inayoifanya kompyuta ikitambue kifaa chake. Bila ya mtandao utaipataje? Chukua simu, iunganishe na laptopu kwa waya wa kuchajia, kisha katika simu washa sehemu ya kugawa intaneti kwa waya. Aghlabu laptopu itapata intaneti kwa njia hiyo, nawe utashusha draiva kutoka tovuti ya waliotengeneza laptopu yako.

Pili: Simu inauona mtandao, laptopu haiuoni. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 5 ni ya kasi zaidi lakini hayafiki mbali, na laptopu nyingi za zamani haziyajui kabisa. Ingia katika mpangilio wa ruta au wa simu inayogawa intaneti, uchague 2.4 GHz, na laptopu ya zamani itauona.

Tatu: Neno la siri linakataliwa. Angalia kwanza kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa. Ikiwa neno la siri la ruta lilibadilishwa karibuni, laptopu bado imelikariri lile la zamani. Bonyeza jina la mtandao kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua "Forget" ili ulisahau, kisha unganisha upya.

Nne: Imeunganika, lakini inaandika kuwa hakuna intaneti. Tazama salio la bando kabla ya yote. Ikiwa lipo, zima ruta, ichomoe kwenye umeme, hesabu mpaka 30, kisha ichomeke na uisubiri dakika chache. Hili hasa hufaa baada ya umeme kukatika na kurudi.

Ikiwa bado, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ingia, kisha andika ipconfig. Utaona namba za laptopu yako. Ruta nyingi za majumbani hutoa namba inayoanza na 192.168. Ukiona inaanza na 169.254, maana yake ruta haikuipa laptopu namba yoyote, ikajipa yenyewe. Jitoe katika mtandao, uzime na kuwasha vyote viwili, kisha unganisha tena.

Kisha andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni namba ya kompyuta za Google. Majibu yakirudi lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, basi intaneti ipo. Kilichoharibika ni huduma inayogeuza majina kuwa namba, mfano wa mtu mwenye simu nzima aliyepoteza daftari la namba. Ruta ikizimwa na kuwashwa mara nyingi hupona. Isipopona, katika mpangilio wa mtandao wa laptopu andika 8.8.8.8 katika sehemu ya DNS.

Tano: Kila tovuti inatoa onyo la usalama. Itazame saa. Laptopu iliyokaa kabatini muda mrefu huweza kurudi nyuma miaka kadhaa katika tarehe yake. Tovuti salama hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na laptopu yenye tarehe ya uongo huviona vyeti hivyo si sahihi. Rekebisha tarehe na saa, na onyo litaondoka. Lakini ikiwa tarehe ni sawa na onyo bado lipo, usilipuuze, na usiandike neno lako la siri hapo.

Sita: Mtandao unakwenda polepole au unakatika. Mara nyingi ni mahali ruta ilipowekwa. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe, za mawe na chokaa, ni nene mno, na mawimbi huchoka kuzipenya. Kwetu shamba kuta za matofali ni nyembamba zaidi, lakini mabati, makabati ya chuma, friji na vioo vikubwa huyarudisha mawimbi nyuma. Jiko la maikrowevu nalo linapofanya kazi huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz. Weka ruta juu, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Usiiweke sakafuni wala nyuma ya televisheni.

WANAOTUMIA BANDO LA SIMU

Wengi wetu hatuna ruta, bali tunagawa intaneti kutoka kwenye simu. Hapa ndipo fedha hupotea bila mtu kujua. Laptopu ikiona waifai hudhani imepata mtandao usio na kikomo, ikaanza kushusha masahihisho ya Windows yenye uzito mkubwa, na bando la wiki likaisha kwa saa moja.

Dawa yake ni rahisi. Ingia kwenye mpangilio, fungua mtandao wa simu yako, na uwashe sehemu iliyoandikwa "Metered connection", yaani mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Laptopu itajizuia na mengi ya hayo. Masahihisho ni muhimu kwa usalama, kwa hivyo yashushe siku utakayopata mtandao wa kutosha. Na mwenye maombi ya chuo asingoje usiku wa mwisho. Ajaribu mtandao wake siku kadhaa kabla, na awe na njia ya pili tayari.

IDHINI, AMANA NA TAHADHARI

Ndugu wanafunzi, tumefundishwa kutoingia nyumba ya mtu mpaka tubishe hodi, tutoe salamu na turuhusiwe. Mlango ukiwa wazi, wazi huo si ruhusa. Mtandao wa jirani ni mali yake, naye anaulipia. Kuutumia bila ya idhini yake kwa sababu tu ameusahau bila kufuli, au kwa kuwa rafiki alikunong'oneza neno la siri, ni kula bando la mtu bila ya ridhaa yake. Bisha hodi, omba. Na ukipewa neno la siri, hilo ni amana, usiligawe kwa darasa zima.

Nawe linda mtandao wako. Badilisha neno la siri la kiwandani, ufanye hivyo pia kwa lile la kuingilia mpangilio wa ruta. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uepuke ule wa zamani wa WEP ambao huvunjwa kwa muda mfupi. Katika mitandao ya hadhara usifanye shughuli za fedha, kwani mtu yeyote anaweza kuanzisha mtandao wake akaupa jina la hoteli au la bandari.

Wazee wetu nao tunawaomba ruta ikae sebuleni, na laptopu ya watoto itumike mahali panapoonekana. Kifaa hiki huleta darsa na masomo, na huleta sauti ya ndugu aliyeko Omani. Huleta na mengine yasiyofaa. Anayefungua mlango ndiye anayejua nani ameingia.

Ikate makala haya uibandike karibu na meza yako ya kusomea. Siku laptopu itakapogoma, usianze kwa hasira wala kwa kumtafuta fundi. Anza kwa koki, kisha tangi, kisha jirani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.